Mwaka wa Nyanya

Nyanya yangu wa Muyinga alikuwa hajui mwaka aliozaliwa. Kwao ni upande wa Gitega. Basi wakati wa likizo nilikwenda Mugera, misheni iliyoanzishwa mwaka 1899, nikaonyeshwa daftari la ubatizo la zamani, nalo kwa Kilatini! Waayalandi wakitafuta wazee wao hushika jina la ukoo. Mimi nishike nini? Kwetu Burundi kila mtoto hupewa jina lake, hata ndugu wa tumbo moja hawafanani majina. Ikanibidi nifuate majina ya wazazi, mstari kwa mstari, hata macho yakauma. Katika mwaka 1938 nikaona mtoto wao ambaye sijapata kusikia akitajwa; katika 1941, nyanya mwenyewe.

Niliporudi nilimsomea yote. Mwaka wake hakuujali.

"Huyo dada yangu," akasema, "soma jina lake tena."