Kemshafti za Kaka

Kaka yangu yuko Muscat, huu mwaka wa tatu, na gari yake ninayo mimi. Ni Toyota Altezza RS200 ya gia sita za mkono, rangi ya fedha, aliyoihangaikia miaka na kuiendesha miezi minane tu kabla viza yake haijatoka. Machi hii alinitumia sauti ya dakika nne kwa WhatsApp. Kazini wamempa bonasi na anataka kununua kemshafti. "Si zako, za gari," alisema, kisha akacheka. Zikafuata picha za seti tatu kutoka Japani, na maneno ya mwisho: "Chagua wewe, maana unayeendesha ni wewe."

Kwa asiyezijua: kemshafti ni chuma kirefu kinachokaa juu ya injini, chenye vinundu vilivyochongoka upande mmoja kama yai. Kinundu kikizunguka hukandamiza valvu ikafunguka; kikishapita, springi inaifunga. Altezza ina kemshafti mbili, moja ya valvu za kuingiza hewa, nyingine ya valvu za kutoa moshi, na zote zinazunguka kwa nusu ya kasi ya krenki. Kwa hiyo injini ikiwa kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika, kila valvu inafunguka mara 25 kwa sekunde moja. Ikifika 7,600, ni mara 63. Umbo la kile kinundu ndilo linaloamua valvu ifunguke kiasi gani na ikae wazi muda gani, na tabia yote ya injini inatoka hapo.

Kemshafti za kuongeza nguvu zina vinundu vilivyonenepa, kwa hiyo valvu hukaa wazi zaidi. Ukizidisha hivyo, unarefusha pia ule muda mfupi ambao valvu ya hewa na valvu ya moshi ziko wazi kwa pamoja. Nyumba yetu Makunduchi ina mlango wa mbele na mlango wa uani vinavyotazamana. Kusi ikivuma, ukiifungua yote miwili nyumba inapumua, na moshi wa jikoni unapelekwa nje kabla hujauona. Upepo ukilala, moshi ule ule unaingia ndani na wageni wanaanza kukohoa. Injini yenye kemshafti kali ndivyo inavyoishi. Juu, hewa inapokuwa na kasi, inapumua vizuri kuliko ilivyotoka kiwandani. Chini, moshi unarudi ulikotoka, sailensi inatetemeka, mafuta yanaliwa bila kazi, na ukikanyaga aksileta kwenye 2,000 unajibiwa kwa kuchelewa.

Kuna watu wanaoipenda hiyo sailensi ya kutetemeka, na kaka ni mmoja wao. Hata mimi naipenda, ikiwa gari ni ya mtu mwingine na imesimama Darajani.

Siku chache tulibishana kwa sauti, yeye akitoka kazini, mimi nikiwa kwenye ngazi za maktaba ya chuo, Tunguu. Hoja yake kubwa ilikuwa Safari Rally. Injini ya Altezza yetu ni 3S-GE, na ndugu yake, 3S-GTE, ndiyo iliyokuwa ndani ya Celica ambayo Mkenya Ian Duncan alishinda nayo Safari mwaka 1994. Hiyo ni kweli. Lakini ile ndugu ina tabo, na tabo inaisukuma hewa kwa nguvu. Yetu inavuta pumzi yake yenyewe, na tayari imefundishwa kuvuta. Toyota waliitengeneza pamoja na Yamaha, na toleo hili la gia za mkono lina valvu za titaniamu na mgandamizo wa 11.5 kwa 1. Linatoa farasi 210 kwenye mizunguko 7,600, kutoka kwenye lita mbili. Juu ya hapo kuna VVT-i kwenye kemshafti zote mbili, mfumo unaozizungusha kidogo mbele au nyuma kadiri kasi inavyobadilika. Kwa lugha ya nyumba yetu, kuna mtu kasimama pale mlangoni, anaufungua na kuurudisha kwa kufuata upepo. Ukiweka vinundu vinene, mtu huyo unampa mlango mkubwa kuliko aliofundishwa, na asipofundishwa upya anaweza kuipeleka valvu mahali ilipo pistoni.

Kilichonishughulisha zaidi ni nguvu ya mvuto, ile inayokutoa ulipo. Kwenye injini hii inafika kilele kwenye 6,400. Yaani hata kabla ya kugusa chochote, ubora wake unaishi ghorofani. Kemshafti zote tatu za kaka zingeupandisha juu zaidi, na ile kali kuliko zote ingeupandisha sana. Basi swali likawa: mimi huko ghorofani hufika lini?

Nilifanya kile ambacho somo la mbinu za utafiti limenizoesha. Nilichora jedwali, nikampa binamu yangu wa skuli ambaye hupanda nami asubuhi, nikamwambia kila mshale wa mizunguko ukivuka 5,000 atie alama na aandike sababu. (Dashibodi ya Altezza imetengenezwa kama saa ya mkononi, duara kubwa na viduara ndani yake. Alisema ndiyo kazi nzuri kuliko zote alizowahi kupewa.) Safari sita, Makunduchi hadi Mjini na kurudi, kila upande zaidi ya kilomita 60. Mshale ulivuka mara tisa. Mara saba sababu ilikuwa moja: kuipita daladala ya 310. Mara mbili aliandika, kwa mwandiko wa kujivunia, "anajionesha".

Anayeijua njia hii hatashangaa. Unatoka Makunduchi, barabara imenyooka na inakushawishi, kisha njiapanda ya Kizimkazi kuna watoto, mbuzi na baiskeli zenye mizigo ya kuni. Kitogani unaungana na magari ya watalii yanayotoka Paje. Unafika Jozani, na hapo kuna matuta yaliyowekwa kwa ajili ya kima punju, ambao hawapatikani porini popote duniani ila Zanzibar na ambao huvuka barabara kama wanaokwenda sokoni. Hapo ni gia ya pili, mizunguko 1,500, na dirisha wazi. Ukishapita Tunguu magari yanazidi, na Mwanakwerekwe unasimama, unakwenda mita kumi, unasimama. Maisha ya gari hii ni kati ya 1,500 na 4,000, sehemu ile ile ambayo kemshafti kali huitoza ili kulipia raha ya juu.

Fundi wetu hakunikatisha tamaa. Ni mzee wa maneno machache. "Kuzifunga nazifunga, mwanangu," alisema. "Natia udongo laini juu ya pistoni, naizungusha injini kwa mkono, nafungua tena napima alama ya valvu imebakisha nafasi gani. Hilo halinishindi. Lakini kompyuta yake itataka kuambiwa habari mpya, na mimi na kompyuta hatusemezani." Kisha akauliza mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini. Nilimwambia ukweli, kwamba gari ilishuka bandarini bila kibandiko cha tarehe, na kaka hakuwahi kuufungua. Akanyamaza, akafuta mikono. Kwenye injini hii mkanda ukikatika, pistoni na valvu hukutana, na za titaniamu huzipati dukani kama unavyopata mkate.

Yupo na mama. Kila mwezi nampeleka kliniki Mnazi Mmoja. Altezza iko chini, na kwa magoti yake kuingia ni kama kukaa mkekani, kutoka ni kama kuinuka mkekani. Lakini akishakaa analala. Analala hata kwenye foleni ya Mwanakwerekwe, kichwa kwenye kioo, mtandio umemwangukia begani, kwa sababu injini ikiwa kwenye sailensi haimtikisi. Nilijaribu kuiweka hiyo kwenye jedwali, nikakosa safu yake.

Nilichochelewa kukisema nilikijua tangu ile sauti ya kwanza. Kaka anafanya kazi kwenye ghala, zamu za usiku, na anapopumzika hutazama video za Altezza za watu wengine. Kemshafti zingekuwa mkono wake ndani ya gari, kila siku, akiwa mbali. Bei yake, pamoja na springi za valvu na kazi ya fundi, ilikaribia ada yangu ya mwaka, na hakuwahi kunitajia hilo. Kumwambia "usinunue" ni kumwambia gari imeshazoea kuishi bila yeye.

Nilimwandikia, sikuweza kusema kwa sauti. Nikamtumia picha ya jedwali, pamoja na lile neno la binamu. Nikaandika kwamba kemshafti za kiwandani zibaki, na kama pesa bado inamwasha, anunue mkanda wa taimingi, pampu ya maji, na beringi zote zinazogusana na mkanda huo, za asili. Siku mbili hakujibu. Tiki zilikuwa za buluu.

Siku ya tatu aliuliza jambo moja: nimpelekee mlio wake. Jioni niliiegesha karibu na ufuo, maji yametoka, nikaacha injini ipate moto. Nikaishika simu juu ya boneti iliyofunguliwa, binamu akakanyaga, kutoka sailensi hadi 7,000, mara mbili, kisha tukaiacha itulie yenyewe.

Jibu lilikuja usiku, lina kelele za forklifti nyuma yake. "Umesikia pale inaposhuka, karibu na 1,000? Kuna kitu kinalia kama panya. Hiyo ni beringi ya mkanda. Usiende nayo Mjini kesho, panda 310. Nakutumia pesa asubuhi."