Mashine Tuliyoipeleka Gerezani



Ndugu zetu wasomaji, sisi tunaoandika hapa ni mwalimu wa madrasa mjini Kigali, na kwa miaka kadhaa tumekuwa tukiingia gerezani kuwasomesha ndugu zetu waliofungwa. Mwaka mmoja Idi ilipokaribia tulichangishana, tukawanunulia mashine ya kunyolea. Tulijiona tumefanya jambo kubwa! Vichwa vingi vilinyolewa siku ile kwa mashine hiyo hiyo, bila ya kusafishwa kwa dawa. Muuguzi wa pale akatuita pembeni, akatuuliza kwa upole: "Ustaadh, mnajua homa ya ini C inapitia wapi?"

Hatukujua. Inapitia kwenye damu: wembe wa kushirikiana, sindano, chale za waganga wetu, hata hijama ikifanywa kwa kiwembe kilichokwisha tumika. Mtu aweza kukaa miaka 20 bila ya kuhisi kitu huku ini linaharibika. Na chanjo yake haipo. Iliyopo ni ya homa ya ini B, msizichanganye.

Wafungwa walipopimwa, mmoja wa waliokutwa na virusi alikuwa kijana tuliyemsomesha alifu na bee akiwa mdogo. Tulidhani amekwisha, maana tulikumbuka matibabu ya zamani, sindano hadi wiki 48 na wengi wasipone. Kumbe mambo yamebadilika. Vidonge vya sasa humezwa kila siku kwa wiki 12, na zaidi ya 95 katika kila wagonjwa 100 hupona kabisa. Sofosbuvir ilipotoka Marekani mwishoni mwa 2013, tiba moja iliuzwa dola 84,000. Dawa hiyo hiyo ilipotengenezwa na viwanda vingine, bei kwa nchi kama zetu ilishuka hadi chini ya dola 100. Ndipo Rwanda ikaweza, Desemba 2018, kuzindua mpango wa kuutokomeza ugonjwa huu, na wafungwa hawakuachwa nje.

Wapo waliotuuliza msikitini: kwa nini mwizi atibiwe? Kanuni za Umoja wa Mataifa za 2015 zinasema mfungwa apate tiba sawa na ya watu wa nje. Lakini sisi tuliwajibu kwa lugha ya mtaani tu: huyo mwizi kesho anarudi kwenye kinyozi chako.

Kijana wetu kifungo kiliisha akiwa wiki ya nane. Hapo ndipo tiba ya gerezani huvunjika, kwani mtu akitoka anawaza kula na pa kulala, vidonge vinasahaulika. Muuguzi alimpa vilivyobaki pamoja na barua, nasi tukamsindikiza hospitali wenyewe.

Mama yake alitujia usiku. "Mwalimu, nimtengee kikombe na sahani?"

"Hapana, mama. Chakula hakiambukizi, wala kumkumbatia. Mtengee wembe na mswaki wake tu."

Akalia. Kumbe alikwisha nunua sahani mpya, kaificha.

Amemaliza vidonge. Tumemwambia kupona si kinga, akichangia wembe aweza kuupata tena. Kipimo cha damu cha kuthibitisha ni wiki 12 baada ya kidonge cha mwisho, na bado wiki tatu. Jana tulifuturu naye kwenye sinia moja. Ile mashine tumeiomba gerezani irudishwe, na safari hii tunachangisha viwembe, kila mtu na chake.