Daftari Nililoliacha Depo

Binti wa jirani alinikuta barazani Jumamosi, hapa mtaani Ngezi, Bunia. Ameuza katika duka moja la mjini karibu miaka mitatu. Patro wake alipoona mimba imeanza kuonekana, alimwambia mlangoni, wenzake wawili wakisikia: "Baki kwanza nyumbani. Ukishazaa, tutaona." Hakumpa karatasi yoyote. Alikuja kuniuliza kama aende kumpigia magoti. "Papa, mimi sina mtu mkubwa wa kunisemea."

Nilimwuliza ilikuwa tarehe ngapi. Alishangaa, alidhani nitaanza na pole. Siku hizi naanza na tarehe, kwa ajili ya mzee mmoja.

Mwaka 2004 nilikuwa karani wa depo fulani mjini. Bunia ilikuwa imeanza kupumua. Mei 2003, katika vita vya Wahema na Walendu, tulikuwa tumeuana mtaa kwa mtaa. Juni wakaingia askari wa Artemis, kikosi cha Umoja wa Ulaya, baadaye MONUC ya Umoja wa Mataifa ikaongeza watu wake, na wakimbizi wakaanza kurudi, wengine toka Beni, wengine toka Uganda, wakikuta nyumba zao hazina mabati. Kazi zilikuwa chache, na aliyezitafuta alikutana na swali: "Unatoka kolektivite gani?" Mgeni hawezi kuusikia uzito wa swali hilo. Kwetu jina la mtu halitoshi kumtambulisha, maana Wahema wa kaskazini wanasema Kilendu kama majirani zao Walendu, na majina mara nyingi yanafanana. Kolektivite haifichi kitu: Walendu-Pitsi, Walendu-Djatsi, Bahema-Nord, Bahema-Badjere. Kabila limo ndani ya jina la mahali. Ukishajibu, umekwisha kupimwa.

Mzee wa stoo alikuwa na miaka 11 katika depo ile. Machi ya mwaka huo alikuja jeran (meneja) mpya, na Ijumaa moja mzee akapewa barua ya kufukuzwa, sababu yake "kupunguza wafanyakazi". Jumatatu iliyofuata, katika daftari langu la mahudhurio, niliandika majina mawili mapya, kwa kazi ileile ya stoo, wote wawili watu wa kwao jeran. Niliandika kwa mkono wangu. Kisha nikalifunga daftari nikalirudisha kwenye droo.

Mzee alinisubiri getini jioni. "Karani, umeona?"

"Mzee, vumilia. Wakati ni mbaya."

Sitaandika kabila lake wala langu. Depo zilikuwa nyingi, na nilisikia habari kama hiyo kutoka pande zote.

Wakati ule sikujua kwamba sheria ilikuwepo. Sheria ya kazi ya nchi yetu, namba 015/2002, ilitiwa saini Kinshasa tarehe 16 Oktoba 2002. Siku hiyo Bunia ilikuwa mikononi mwa waasi wa UPC wa Thomas Lubanga, tangu Agosti. Nani angetuletea habari zake? Nimekuja kuisoma nikiwa na mvi. Kifungu cha 62 kinasema kabila si sababu halali ya kumfukuza mtu kazi, wala rangi, dini, siasa, hali ya ndoa, wala mimba. Cha 63 kinasema aliyefukuzwa bila sababu halali arudishwe kazini. Asiporudishwa, korti inaweza kumpa fidia hadi mishahara 36 ya mwisho. Mzee alikuwa anapata dola 60 kwa mwezi. Mara 36 ni dola 2,160. Nyumba yake ilikuwa bado imefunikwa na shitingi.

Hata kama upunguzaji ungekuwa wa kweli, sheria inataka kwanza waangalie ufundi wa mtu, miaka yake kazini na mzigo wa familia yake. Kwa yote matatu, mzee ndiye angekuwa wa mwisho kutoka.

Njia yake ilikuwa hii: kumwandikia enspekta wa kazi, ambaye anaziita pande zote mbili. Wasipopatana, anaandika PV, yaani ripoti rasmi, na kwa PV hiyo unakwenda kortini. Ukimruka enspekta, korti haipokei kesi. Na muda ni miaka mitatu tangu tendo lenyewe. Kwa mshahara usiolipwa ni mwaka mmoja tu.

Februari 2006 Katiba mpya ikatangazwa, na kifungu chake cha 36 kinakataza mtu kuonewa kazini kwa sababu ya asili yake. Mzee alikuwa bado na mwaka mzima mkononi. Tulipiga foleni ya kura pamoja mwaka ule, tukaongea mvua na bei ya makala, maana alikuwa ameanza kuuza makala kando ya njia. Machi 2007 muda wake ulikwisha. Ameshafariki. Depo imefungwa, na daftari sijui kama liliwashiwa moto au lilifungiwa karanga.

Kinachonikosesha usingizi ni kifungu kilekile cha 62. Kinasema pia kwamba kumshitaki mwajiri, au kushiriki katika kesi dhidi yake, si sababu halali ya kufukuzwa. Kufukuzwa huko ndiko nilikokuwa naogopa getini.

Na binti huyu? Patro akivunja kontra ni lazima aandike barua na ataje sababu. Kukosa karatasi ni kosa la patro. Tumekaa naye tukaandika: siku aliyoanza kazi, siku ya maneno yale, maneno yenyewe, na majina ya waliosikia. Nakala moja iko kwa mama yake. Jumatatu nitamsindikiza kwa enspekta wa kazi.

Wanangu wawili mliokuwa mlangoni siku ile, najua mnaogopa, na najua mnalea. Njooni naye. Semeni mlichosikia, angali na muda.