Darini Shela
Jumamosi alasiri tuliketi darini huko Shela, ndege zikishuka Manda ng'ambo ya mkondo, tukimpa rai mpwa wetu aliye rubani. Ana njia mbili: ndege za abiria zenye ratiba na mshahara mdogo, au mkataba wa mizigo wa Mogadishu na Juba, wiki sita kazini, tatu nyumbani, na asiporuka halipwi. Bibi zetu waliolewa na manahodha. Jahazi lilikwenda Arabuni kwa kusi, likarejea kwa kaskazi, nao wakajua miezi ya kuhesabu. Mkataba huu hauna msimu, na simu moja huukatiza.

Mkewe, aliyekuwa akisuka ukili kimya, aliuliza, "Na Ramadhani itaangukia wiki zipi?"

Akahesabu, akahesabu tena. Magharibi ikaadhiniwa katika msikiti wa 1829, naye hajajibu.