Flashi ya michango ya harusi nusura initoe mjini

Jamani, mwenzenu yalinikuta! Mimi ni mweka hazina wa harusi ya mpwa wangu, na orodha nzima ya michango ilikuwa kwenye flashi. Nikaenda kuprinti steshenari ya mtaani. Kurudi nyumbani, mafolda yote yamegeuka vialama vyenye kimshale. Nikabofya kimoja. Kimya. Kumbe ndiyo nimemfungulia kirusi mlango!

Na Defender, ile kinga inayokuja na Windows, nilishaizima mwenyewe ili programu ya bure (ya wizi, tuseme ukweli) ikubali kuingia.

Kikao saa kumi, shemeji anapiga simu. Nikataka kufuta flashi nzima. Binti wa jirani akaninyang'anya: "Mjomba, usifute! Vitu vyako vimefichwa tu." Akaiwasha Defender, akachagua ukaguzi wa ofulaini. Kompyuta ikajizima, ikawaka, ikapekuliwa kama dakika 15 kabla Windows haijaamka. Halafu akaikagua flashi, akaruhusu mafaili yaliyofichwa yaonekane. Orodha hiyo hapo!

Programu ya wizi nimeing'oa, orodha ina nakala mbili, na steshenari napeleka flashi yenye karatasi ya kuprinti tu. Shemeji hajui lolote. Naomba wiki hii asinunue gazeti.