Mwasisi Aliyeshindwa

Asiyekubali kushindwa si mshindani, walinena wahenga. Methali hii hunijia kila niuwazapo msimu wa 1906-1907 wa timu ya mpira wa kikapu ya Chuo Kikuu cha Kansas, Marekani. Timu hiyo ilishinda mechi 7, ikapoteza 8. Ajabu ni kwamba kocha wake alikuwa James Naismith, yuyo huyo aliyeuasisi mchezo wenyewe mnamo Desemba 1891 kwa kutundika vikapu viwili vya matunda. Aling'atuka msimu ulipokwisha, akiwa ameshinda mechi 55 na kushindwa 60. Hadi leo ndiye kocha pekee wa chuo hicho aliyeshindwa mara nyingi kuliko alizoshinda. Mwanafunzi wake, Phog Allen, alimrithi na kushinda mechi 18 kati ya 24 katika msimu uliofuata.

Je, Naismith alifeli? Mimi sidhani. Sisi wapenzi wa Kiswahili aghalabu huhesabu alama na tuzo, tukamsahau aliyetangulia kufyeka njia. Nyavu zilichukua nafasi ya vikapu zamani, ila lugha yetu ingali inauita mchezo huu kwa jina la chombo alichokitundika. Mwasisi huenda asitie fora. Wanafunzi wake ndio kombe lake.