Mawe ya Osiri

Wahenga walinena kuwa mwacha asili ni mtumwa. Hata hivyo, wengi huiacha asili yao kwa kutoijua. Ndivyo alivyokuwa binti mmoja, mwanafunzi wa Kiswahili, mzaliwa wa Osiri, penye machimbo ya dhahabu katika eneo la Nyatike, Kaunti ya Migori. Wenzake chuoni waliposimulia habari za Ngome ya Yesu na magofu ya Gedi, yeye alinyamaza. Alidhani kwao hakuna cha kusimuliwa ila vumbi na mashimo.

Likizo moja alirejea nyumbani, akamkuta mama yake palepale alipomwacha: ameketi chini ya turubai, nyundo mkononi, akiponda mawe yaliyotolewa shimoni. Kazi hiyo ndiyo iliyomlipia karo. Mawe yakisha kupondwa husagwa kinuni yakawa unga. Unga huoshwa kwa maji, kisha hutiwa zebaki ili chembe za dhahabu zishikamane. Hatimaye mchanganyiko huo huchomwa, zebaki ikapaa kwa mvuke na dhahabu ikabaki. Mvuke huo ni sumu inayodhuru ubongo na figo. Mkataba wa kimataifa wa kuidhibiti zebaki, uliotiwa sahihi mwaka wa 2013, umepewa jina la Minamata, mji wa Japani ambako watu wengi walidhurika kwa sumu hiyo. Binti aliitazama mikono ya mama yake, ambayo huikanda zebaki bila glavu, asipate la kusema.

Uchimbaji huu haukuanza jana. Wakati wa ukoloni, dhahabu na shaba zilichimbwa katika mgodi wa Macalder, papo hapo Nyatike, hadi ulipofungwa katika miaka ya 1960. Kampuni iliondoka, wenyeji wakasalia na mawe yao.

Siku chache baadaye binti alikwenda kuzuru Thimlich Ohinga, ambayo ingawa i katika Nyatike hiyohiyo, hakuwahi kuikanyaga. Alizikuta kuta zinazokisiwa kujengwa katika karne ya 16, zenye kimo cha kati ya mita 1.5 na 4.5, zilizopangwa bila saruji wala udongo wa kuzishikiza. Jiwe hushikwa na jiwe mwenzake. Jamii mbalimbali zilipokezana kuyakalia maboma hayo, zikiyakarabati na kujikinga humo pamoja na mifugo yao. Mnamo mwaka wa 2018, UNESCO iliiorodhesha Thimlich Ohinga katika Urithi wa Dunia.

Huko ndiko alikokumbuka habari aliyowahi kuisoma chuoni bila kuitia maanani. Mwaka wa 2023, watafiti walitangaza kuwa huko Nyayanga, katika rasi ya Homa, Kaunti jirani ya Homa Bay, yamefukuliwa mawe yaliyotumiwa kama zana takriban miaka milioni 2.6 hadi 3 iliyopita. Baadhi yalitumiwa kukatia nyama ya kiboko. Mengine yalitumiwa kupondea.

Kupondea! Neno hilo alirudi nalo nyumbani.

"Mama," aliuliza jioni hiyo, "nani alikufundisha mahali pa kulipiga jiwe?"

"Jiwe lenyewe, mwanangu. Ukilipiga vibaya, uchungu unakurudia mkononi."

Binti alitambua kwamba ujuzi huo ni wa kale katika nchi hii, na kwamba mama yake ni mmoja wa warithi wake. Ila kuta za Thimlich zina sheria ya kuzihifadhi tangu zilipotangazwa kuwa turathi ya taifa mwaka wa 1981. Wachimbaji wadogo walitambuliwa na Sheria ya Madini ya mwaka wa 2016, lakini utambuzi huo haujaitoa zebaki viganjani mwa mama yake.

Muhula ulipofunguliwa, wenzake walimwuliza tena kwao ni wapi. Safari hii alijibu. Alisimulia kuta, zana za Nyayanga, hata nyundo ya mama yake. Alipofika kwenye zebaki, hakuificha. Anayeisifu nchi yake kwa wageni hana budi kuitaja pia mikono inayoumia humo, maadamu nayo ni sehemu ya historia hiyo.